Nasaha kwa Mwenye Kuchelea Kukosea

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu dhaifu, kisha akamfungulia mlango wa kutengeneza alichoharibu. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya haya: enyi ndugu zetu wa Pwani, mimi mwenzenu nilizaliwa na kusomea huko kwenu, chuoni na katika madrasa, na leo nasomesha Bariadi, katika mkoa wa Simiyu, uliotengwa na mkoa wa Shinyanga mwaka 2012. Nchi hii ni ya Wasukuma, watu wa pamba na ng'ombe, na Waislamu ndani yake si wengi kama huko. Walakini maradhi niliyoyakuta huku ni yale yale niliyoyaacha Pwani, na mimi mwenyewe nimepata kuyaugua. Nayo ni mtu kuacha jambo la kheri, au jambo la halali lenye manufaa, si kwa kuwa halimudu, bali kwa kuchelea asije akalifanya pungufu mbele ya macho ya watu.

Sababu ya kuandika karatasi hizi ni jambo dogo. Vijana wa madrasa yetu hucheza mpira baada ya Alasiri, katika uwanja ulio wazi kando ya mji. Sikuwakataza, maana mwili una haki yake, illa nimewashurutisha kusitiri uchi na kurudi kabla ya adhana ya Magharibi. Siku moja walishindana na vijana wa sokoni. Wakawa sawa kwa sawa, kisha wakapata mpira wa adhabu, ule uitwao penalti. Miongoni mwao alikuwapo kijana wa miaka 15, hodari wa kupiga kuliko wote. Wenziwe wakamwekea mpira. Akautazama, akarudi nyuma, akasema mguu wamuuma. Akapiga mwingine, akakosa. Usiku baada ya Isha nikamwuliza, "Mguu wako wauma mahali gani?" Akainamisha kichwa, kisha akasema, "Maalim, mguu hauumi. Nikikosa watanicheka."

Nikamwambia yale tuliyozoea kuwaambia watoto, habari za ushujaa na uume, nikadhani nimekwisha kazi yangu. Sikujua ya kwamba jawabu lile lilinihusu mimi. Nitalieleza mahali pake.

Kwanza nataka mlijue jina la maradhi haya. Wanazuoni wa madhehebu yetu, madhehebu ya Imamu Shafi, wameyataja sana katika mlango wa udhu na katika mlango wa nia, wakayaita waswasi. Nami yalinishika nilipokuwa kijana wa madrasa. Nilikuwa nikiosha mkono mara tatu, moyo ukaniambia kiwiko hakikupata maji, nikaosha mara ya nne na ya tano, na hali najua ya kuwa kuzidisha juu ya tatu ni makuruhu. Nikisimama katika safu nilikuwa nikisema "Allahu Akbar", nikaona nia haikuambatana na takbira kama itakiwavyo, nikaikata, nikaanza tena, hata imamu hurukuu nami ningali nimesimama kama mtu aliyesahau njia. Wenzangu walidhani mimi ni mcha Mungu sana. Na mimi nilidhani hivyo, astaghafirullahi.

Siku moja mwalimu wangu alinikuta kisimani, nami nimekwisha kumwaga ndoo ya tatu. Hakunigombeza. Akaniuliza, "Bwana Mtume alikuwa akitawadha kwa maji kiasi gani?" Nikamjibu kama nilivyosoma katika hadithi ya Anas: kwa mudi moja, nayo ni kiasi cha kujaza viganja viwili vya mtu wa kadiri vikikutanishwa. Akasema, "Na wewe umemaliza ndoo tatu. Basi ama wewe ni safi kuliko yeye, ama una ugonjwa. Chagua." Nikanyamaza. Kisha akanisomesha aliyoyachagua Imamu Nawawi katika jambo la nia, akiwafuata Imamul Haramayni na Ghazali, ya kwamba yatosha nia iambatane na takbira kwa namna ya desturi, yaani mtu ahesabike kuwa yu katika kuikumbuka sala yake, wala hakulazimishwa kuipima herufi kwa herufi. Na baada ya elimu akanipa dawa. Akaniamuru niseme takbira mara moja tu, na moyo ukinena ya kuwa imeharibika niuache unene, niendelee.

Nilisali hivyo siku nyingi huku nikiiona sala yangu mbovu. Hapana jambo lililonitesa zaidi ya hilo katika ujana wangu. Kisha waswasi ulichoka, ukaenda zake, kama mgeni asiyekaribishwa chakula.

Nimelisema hili kwa urefu kwa sababu ya kitu kimoja kilichofichikana ndani yake. Mwenye waswasi hudhani anamtukuza Mwenyezi Mungu kwa kutaka sala isiyo na ila. Ni nani aliyemtaka sala hiyo? Bwana Mtume, naye ni bora wa viumbe, alipata kusalisha rakaa mbili katika sala ya rakaa nne, akatoa salamu. Akasimama mtu aliyeitwa Dhul-Yadayni, akamwuliza kama sala imepunguzwa au yeye amesahau. Akawauliza watu, nao wakasadikisha. Basi akarejea, akatimiza zilizobaki, akasujudu sijida mbili. Hakuvunjika moyo, wala hakumkasirikia mwenye kuuliza, na katika habari nyingine aliwaambia sahaba zake ya kuwa yeye ni mtu, husahau kama wao wasahauvyo. Na juu ya hayo fakihi zetu wamejenga mlango mzima. Mwenye kusahau tahiyatu ya kwanza hata akasimama wima, harudi. Huendelea, kisha husujudu kabla ya salamu. Mwenye shaka kama amesali tatu au nne huzihesabu tatu, akaongeza moja, akasujudu. Lau Mwenyezi Mungu angalitaka kwetu sala isiyokosewa kamwe, mlango huo usingalikuwako.

Na huenda mtu akasema: hayo ni ya ibada, mpira na mbio zaingiaje hapa? Zaingia, maana Sharia haikuyapuuza mashindano. Imamu Shafi mwenyewe alikuwa hodari wa kutupa mishale, na katika vitabu vya madhehebu yetu uko mlango wa kushindana mbio za farasi na ngamia na kulenga shabaha. Tena tunaye Bwana Mtume. Alikuwa na ngamia jike, jina lake Adhba, asiyepitwa na mwingine. Akaja bedui juu ya ngamia mchanga, akampita. Jambo hilo likawa zito kwa Waislamu, wakaona kama aibu. Bwana Mtume akawafahamisha ya kwamba ni haki ya Mwenyezi Mungu kutoacha kitu cha dunia kikainuka illa hukishusha. Na alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha, naye akamshinda Mtume. Kisha baadaye, mwili wake ulipozidi, Mtume akamshinda yeye, akamwambia kwa furaha ya kuwa hii ni kwa ile. Mume katika sisi aliyeshindwa mbio na mkewe angaliificha habari hiyo mpaka kaburini. Wao wameiacha ipokewe, hata ikatufikia.

Sasa nitawapeleka mbali kidogo na msikiti, kisha nitawarudisha. Mtu akitoka huku Bariadi akashika upande wa kusini na mashariki, akapita nchi ya Meatu, akalizunguka ziwa Eyasi, atapanda milima ya Mbulu. Huko alitoka mkimbiaji John Stephen Akhwari. Simtaji kwa habari ya dini. Namtaja kwa tendo lake, na tendo jema ni jema popote lionekanapo. Tarehe 20 Oktoba 1968 alisimama kwa ajili ya Tanzania katika mbio ndefu za marathoni, katika michezo ya Olimpiki mjini Mexico City. Mji huo uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,200, na hewa yake ni nyepesi, humkata pumzi asiyeizoea. Walianza watu 75. Njiani, katika msongamano wa wakimbiaji, Akhwari alianguka, akaumia goti vibaya, na bega lake likapata pigo. Wakamfunga kitambaa mguuni. Akasimama, akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea.

Mshindi, Mamo Wolde wa Uhabeshi, alimaliza kwa saa 2, dakika 20 na nukta 26. Akhwari aliingia uwanjani baada yake kwa zaidi ya saa nzima, kwa saa 3, dakika 25 na nukta 27. Jua limekwisha kuchwa, nishani zimekwisha kugawanywa, na katika uwanja mkubwa ule wamebaki watu wachache. Akazunguka, damu i kitambaani, akavuka mstari. Alikuwa wa 57 katika waliomaliza, naye ndiye wa mwisho. 18 walikuwa wameacha njiani. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jawabu lake lilikuwa ya kwamba nchi yake haikumpeleka mbali vile ili aanze mbio, bali ili azimalize.

Ndugu zangu, lizingatieni jambo hili. Akhwari hakuwa mtu mnyonge aliyejizoeza kushindwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano katika mbio hizo hizo. Basi huko Mexico City alikuwa na heshima ya kupoteza. Angaliweza kupanda gari la wagonjwa, na hapana hata mmoja ambaye angalimlaumu. Ambaye macho yake yote yako kwa watazamaji, huona kuingia wa mwisho ni fedheha kuliko kutoingia. Yeye alitazama amana aliyopewa.

Wala simsemi kila mwenye kuacha njiani ya kuwa ni mwoga. Wale 18 Mungu anajua udhuru wao. Sharia imemruhusu asiyeweza kusimama asali ameketi, na asiyeweza kuketi asali amelala kwa ubavu, na Mwenyezi Mungu hakumkalifisha mtu illa kwa kadiri ya uwezo wake. Nimsemaye ni yule ambaye mguu hauumi.

Hapa yafaa kuondoa shubuha moja, kwa maana najua wako wavivu watakaoifurahia karatasi hii. Watasema: Maalim ametufutia kazi ya kusahihisha, sasa kila mtu asome avyotaka. La, hasha. Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila kitu, hata katika kuchinja mnyama, kisu kinolewe. Fundi akijenga ukuta uliopinda, asinitolee hadithi, auvunje. Tofauti ni hii: mwenye kutaka uzuri wa kazi yumo ndani ya kazi, ameshika chombo mkononi, akiona kombo hunyosha. Mwenye waswasi yuko nje mlangoni, mikono mitupu, anaizungumza kazi ambayo hajaianza. Na Bwana Mtume ametuamuru tulipanie litufaalo, tutake msaada wa Mwenyezi Mungu, wala tusijitie unyonge. Na tukipatwa na jambo tusiseme lau ningalifanya kadha, maana neno hilo humfungulia Shetani mlango wa kazi yake.

Wakulima wa huku walijua hili bila ya kufundishwa. Pamba hupandwa mwezi wa Novemba na Desemba, mvua zikianza. Mara nyingi mvua hudanganya: hunyesha siku mbili, mbegu ikachipua, kisha likaja jua kali, miche ikakauka. Mkulima hutazama, husikitika, hutafuta mbegu nyingine, akarudia. Nimemwona mtu amerudia shamba lake mara ya tatu. Mwenye kungoja mvua yenye dhamana hangalivuna hata kilo moja katika Simiyu, wala nyinyi msingalivaa kanzu.

Hofu hii isipotibiwa hutafuta mganga. Huku Usukumani ziko ngoma za mashindano za Bagika na Bagalu, ambazo asili yake hunasibishwa na waganga wawili, Ngika na Gumha, na watu hushindana kwa dawa kama washindanavyo kwa mchezo. Walakini tusiwanyoshee kidole Wasukuma. Ni nani katika nyinyi asiyesikia habari ya timu iliyoruka ukuta wa uwanja ili isipite mlangoni, au iliyozika vitu langoni usiku? Tena wachezaji wake wana majina ya Kiislamu, na asubuhi yake wamesali Alfajiri. Mtu huyu hakuridhika kufanya bidii akamwachia Mola wake matokeo. Ataka matokeo yawe mkononi mwake kabla ya kutia mguu uwanjani. Mara ya kwanza ni kuogopa kuchekwa, na mwisho wake ni shirki. Sitaki kulirefusha, maana limekwisha andikwa na kusemwa, na wenye masikio wamesikia.

Narudi kwa yule kijana. Siku chache baada ya mchezo, baba yake alikuja kuleta ada. Ni mkulima, mtu wa maneno machache. Akaniambia kwa adabu, "Maalim, mwanangu asoma Qurani nyumbani usiku, kwa sauti ya chini. Akisikia mtu apita, hunyamaza. Yu hivyo tangu Ramadhani." Akaniaga, akaenda zake.

Nikakumbuka. Usiku mmoja wa Ramadhani watu walikuja kusikiliza wanafunzi, na kijana yule alisoma. Akateleza katika ile ha itokayo kooni, akaisoma nyepesi, kama wasomavyo wengi ambao ulimi wao haukulelewa na herufi hiyo. Nami nikatupa neno la mzaha juu ya ulimi wa watu wa bara. Watu wakacheka. Nami nikacheka pamoja nao, nikamwambia aketi, nikamwita mwingine.

Enyi watu wa Pwani, huu ni ugonjwa wetu, wala msiukane. Twadhani Kiswahili ni mali yetu ya urithi, na Kiarabu ni jirani yetu wa mlango wa pili, na mtu wa bara akikosea hutustarehesha. Waalimu ndio wa kwanza. Tunasomesha kwa bakora na kwa kicheko, na kicheko chaumiza zaidi, kisha tunastaajabu watoto wetu wakiwa watu wazima hawathubutu kusimama mbele ya jamaa wakasalisha, wala kuomba kazi, wala kufungua duka, wala kuposa, mpaka kila kitu kitimie, nacho hakitimii. Bibi Aisha amepokea ya kwamba hodari wa kusoma Qurani yu pamoja na malaika waandishi, watukufu, walio wema. Na yule asomaye kwa kugugumia, hali ya kuwa ni kazi nzito kwake, ana ujira mara mbili. Niliisomesha hadithi hii zaidi ya miaka 20. Na mwenye ujira mara mbili alipokuja mbele yangu, nilimkalisha chini.

Nilipaswa kumwomba radhi siku ile ile aliyokuja baba yake. Nilikaa siku 11. Kila siku nilijitolea hoja: mwalimu akijishusha mbele ya watoto, heshima yake itavunjika, na heshima ya elimu itavunjika pamoja nayo. Siku ya 11, nami natawadha, nikajiona. Nilikuwa nimesimama mbele ya mpira nasema mguu wauma.

Baada ya Alasiri nikawakusanya wanafunzi wote, wakubwa kwa wadogo. Nikasema nilimkosea mwenzao mbele ya watu katika mwezi mtukufu, nikamtaja kwa jina, nikamwomba anisamehe. Ulimi wangu ulikuwa mzito, na neno moja nilirudia mara mbili. Kisha nikawaambia ya kuwa leo nitasoma mimi, katika sura ambayo sikuihifadhi vizuri, na atakayeona kosa anirudishe. Walinirudisha mara nne. Mara ya nne alikuwa yeye.

Nikamwambia, "Soma Abasa." Nao wakubwa katika wanafunzi wanaijua sababu ya kuteremshwa sura hiyo, wakatazamana. Akaanza. Ile ha ilikuwa nyepesi kama zamani. Alipofika katika aya ziwatajazo wale waandishi watukufu alisita, akarudi nyuma, akakosea tena, akaendelea. Mmoja nyuma akataka kucheka, akaniona uso, akaacha. Hakusoma vizuri, na nilimsahihisha mahali pengi baada ya kumaliza. Lakini alimaliza aya zote 42, akafunga msahafu, akaniuliza kama wana ruhusa ya kwenda uwanjani, maana jua lilikuwa bado juu.